Milimita Sita

Watu wa mtaa wa Kaloleni walimwita Muasya daktari, naye alikuwa amechoka kuwasahihisha. Hakuwa daktari. Alikuwa mpiga picha za eksirei katika hospitali moja ya wafanyakazi kule Industrial Area, eneo la viwanda, na mwaka ule wa 1986 alikuwa akijifunza kazi mpya ambayo hata wenzake wa chumba cha eksirei waliicheka, kazi ya kuangalia matumbo ya watu kwa mtambo wa ultrasaundi. Si mimba, maana mimba kila mtu alikwisha kuzizoea, bali utumbo wenyewe. Alijifunza kwa bidii, na mtu wa kwanza wa kujifunzia alikuwa mkewe, Nzembi. Nzembi alikuwa mgonjwa. Hilo Muasya hakulijua, ijapokuwa alikuwa na kila njia ya kulijua.

Mwalimu wake alikuwa Daktari Abdurahim, mtu wa Mombasa, mpole, mwenye ndevu fupi, aliyekuwa amerudi majuzi tu kutoka masomoni ng'ambo. Alikuja hospitalini Jumanne na Ijumaa.

"Bwana Muasya," alimwambia siku ya kwanza, "sote tumefundishwa kwamba utumbo ni hewa tupu, mtambo hauoni kitu. Si kweli. Bonyeza polepole, kama mtu akandaye unga, hewa itapisha. Anzia hapa kushoto, juu ya nyonga, uufuate utumbo mpana hadi mwisho wake. Kisha upime ukuta wake. Ugonjwa huu wa utumbo kuvimba unakaa ukutani. Ukuta unanenepa, na mtu anaharisha damu miezi na miaka, anapewa dawa za amiba hadi anachoka nazo."

"Nitajuaje kwamba umenenepa, daktari?"

"Kwanza uujue mzima. Nitafutie watu thelathini wazima, wasio na ugonjwa wowote wa tumbo. Uwapime, uwaandike daftarini. Ukishaujua mzima, mbovu hautakupita. Ukimaliza hao thelathini nitakuachia chumba hiki ufanye kazi peke yako."

Peke yake! Hapakuwa na mpiga picha hata mmoja pale aliyeachiwa kazi kama hiyo. Muasya alirudi nyumbani kwa miguu jioni ile akipita watu bila kuwasalimu.

Shida ilikuwa kuwapata hao wazima. Makarani wa hospitali walikataa. Mfagiaji alimwuliza kama anaonekana ana mimba, na chumba kizima kikacheka.

"Mama Mbeti," Muasya alimwambia mkewe Alhamisi wakinywa chai, "nataka kukuazima tumbo."

Nzembi aliweka kikombe chini. "Kuniazima nini?"

"Tumbo. Jumamosi ule mtambo hauna watu. Utalala tu nusu saa nikuangalie. Haiumi."

"Unatafuta nini humo?"

"Sitafuti kitu. Nataka mtu mzima, asiye na shida. Daktari amesema tuanze na wazima."

Tangu Pasaka Nzembi alikuwa akienda chooni mara saba, mara nane kwa siku, na mara nyingi ilikuwa damu. Alikuwa amekwenda zahanati ya baraza la jiji mara mbili, na mara zote mbili akaambiwa ni amiba, akapewa vidonge. Vyoo vya Kaloleni vilikuwa vya pamoja, ng'ambo ya uwanja, na Muasya aliondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi akarudi jioni. Mwanamume aliweza kuishi na mkewe mwaka mzima pale asijue amevuka uwanja ule mara ngapi. Aliyejua ni Apondi wa nyumba ya tatu, kwa sababu walipokezana zamu ya kuosha choo. Nzembi aliwahi kujaribu kumwambia mumewe, mwezi wa nne, lakini siku hiyo alikuwa amezama katika kitabu cha ultrasaundi huku kamusi iko pajani, akamwambia, "Ngoja nimalize ukurasa huu." Alimaliza ukurasa, akaanza mwingine.

"Nile kwanza?" Nzembi aliuliza.

"Usile kitu tangu usiku. Nataka tumbo tupu."

"Hiyo si taabu," alisema, akaondoa vikombe.

*

Jumamosi hiyo ya mwezi wa tano walimwacha mtoto wao Mbeti kwa Apondi, wakatembea hadi hospitali. Muasya alimlaza mkewe kitandani, akazima taa, akampaka jeli. Nzembi alishtuka kwa baridi yake. Muasya aliweka kichwa cha mtambo juu ya nyonga ya kushoto, akabonyeza kama alivyofundishwa.

Akauona. Hakuamini jinsi ulivyojitokeza upesi. Ulikuwa mkanda mweusi mnene wenye mstari mweupe katikati, umenyooka, haujifichi nyuma ya hewa, unafuatika kama barabara ya lami. Alipima mara tatu. Milimita sita.

"Mama Mbeti, tazama! Tazama huu!"

Nzembi aligeuza kichwa kwenye kioo, akaona ukungu tu. Pale alipobonyezwa palimwuma hasa, akakaza meno.

"Tulia basi, usijikunje. Unatekenyeka?"

"Nimetulia. Ni sawa?"

"Ni sawa kabisa," Muasya alisema akicheka kwa furaha. "Ni mzuri sana. Wanene wanasumbua, mafuta yanaziba picha. Lakini wewe ni mwembamba, unaonekana wote. Ni kama umeumbwa kwa kazi hii."

Nzembi alikuwa mwembamba kweli. Sketi yake alikuwa ameikaza kwa pini mbili, na pini hizo Muasya aliziona mwenyewe alipomsaidia kujifuta jeli. Alimpa kitambaa, akaenda kuandika ukurasa wa kwanza wa daftari. Mke, miaka ishirini na tisa, mzima, milimita sita. Chini yake akachora ule mkanda kwa kalamu, kwa uangalifu mkubwa, akaupaka weusi. Njiani kurudi Nzembi alikuwa mchangamfu, akaimba hata wimbo wa kwaya, na Muasya akadhani ni kwa sababu ya hali ya hewa.

*

Baada ya hapo kazi ilimharibikia. Aliwapata watu, mmoja mmoja, wengi wao majirani, lakini hakumpata mwingine aliyeonekana kama Nzembi. Utumbo wa mzee Mulwa, fundi wa kuchonga vinyago, ulikuwa uzi mwembamba uliopotea kila alipovuta pumzi. Wa Mgeni mwenye duka ulikuwa hivyohivyo, milimita mbili, pengine tatu, na kuupata alitoka jasho. Muasya alijilaumu. Alibonyeza zaidi, akageuza vifundo vya mtambo, akaandika pembeni, "Picha mbaya." Alipochanganyikiwa sana alimrudia mkewe Jumamosi ili akumbuke mzima unafananaje, na kila alipomrudia moyo wake ulitulia. Mwezi wa nane alimpima akapata milimita saba. Alifurahi, akajiambia mkono wake umeanza kukomaa.

Apondi naye alikuja. Alilala kitandani akiongea mfululizo, tumbo likicheza, hata Muasya akamwomba anyamaze kidogo.

"Shemeji, Mama Mbeti ulishamwangalia?" Apondi aliuliza.

"Ndiye wa kwanza. Nimemwangalia mara nne sasa."

"Na ukaona?"

"Nimeona kila kitu. Mzima kabisa. Laiti nyote mngekuwa na tumbo kama lake."

Apondi alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu aingie. Alikuwa amekuja na maneno tayari mdomoni, lakini huyu ndiye mwenye mtambo, na mtambo umeona hadi ndani. Yeye Apondi, muuza samaki, angesema nini? Alijifuta tumbo, akaenda zake, na jambo hilo lilimtesa baadaye kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Daktari Abdurahim alipouliza habari za mafunzo, Muasya alimjibu kwamba ana ishirini na sita.

"Wote wazima? Umewauliza vizuri?"

"Wote, daktari. Nawajua."

Daktari alikuwa na wagonjwa foleni nzima. Alilipekua daftari kwa haraka kutoka nyuma, akaona mbili, tatu, mbili, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akalirudisha kabla hajafika ukurasa wa kwanza. Naye pia alikuja kujuta.

*

Ijumaa moja ya mwezi wa kumi aliletwa mlinzi wa bohari, kijana aitwaye Aden, aliyekuwa akiharisha damu tangu mwanzo wa mwaka. Daktari alimwambia Muasya ampime mwenyewe, yeye atasimama nyuma. Nesi alikuwapo, na wanafunzi wawili wa eksirei.

Muasya alibonyeza upande wa kushoto, na moyo wake ukaruka. Mkanda mnene mweusi, mstari mweupe katikati. Hatimaye mtu mwenye tumbo la kueleweka! Alipima kwa sauti ili wote wasikie.

"Milimita sita. Kawaida."

"Kawaida?" Daktari alisema.

"Ndiyo, daktari. Picha safi sana."

Mmoja wa wanafunzi alikohoa. Daktari alisogea, akachukua kichwa cha mtambo mkononi mwake, akaangalia kwa kitambo.

"Bwana Muasya, huu umevimba mara mbili ya kawaida. Mtoto wa shule angeuona. Hao ishirini na sita wako si wana mbili, tatu?"

"Wale picha zao zilikuwa mbaya, daktari. Mimi nilifuata ile nzuri."

"Nzuri ipi?"

Aden alikuwa amejiinua kwa viwiko, anawatazama mmoja baada ya mwingine, akitaka kujua kama ni mgonjwa au siye. Muasya alilifungua daftari ukurasa wa kwanza. Daktari alisoma. Alisoma tena. Alipoongea, ile hasira ilikuwa imemwondoka, na hilo ndilo lililomtisha Muasya.

"Huyu ni nani?"

"Ni mke wangu."

"Anaharisha?"

"Hapana." Kisha akasema, "Hajaniambia." Kisha pini mbili za sketi zikamjia akilini, na chakula kinachobaki sahanini, na jinsi mkewe alivyokuwa akikaa siku hizi karibu na mlango hata kanisani.

"Nenda nyumbani sasa hivi," Daktari alisema. "Mlete leo, usingoje Jumamosi."

*

Hakutembea, alikimbia, na koti jeupe la hospitali mwilini, watu wa viwandani wakimpisha njia. Alipofika Kaloleni jua lilikuwa bado juu. Apondi alikuwa bombani akijaza ndoo. Alipomwona aliacha maji yakimwagika.

"Ni nani amekwambia?" aliuliza.

"Kuambiwa nini?"

"Mama Mbeti hajaamka leo. Nimempelekea uji, amekataa. Tumbo limejaa, gumu. Anatetemeka na jua hili." Apondi alifunga bomba. "Nilitaka kutuma mtu kwako, akanikataza. Amesema eti usisumbuliwe kazini."

"Amekuwa hivi tangu lini?"

"Hivi, tangu jana. Ile damu, tangu Pasaka."

"Pasaka! Na wewe ulijua?"

"Baba Mbeti, usinipandishie sauti. Nilikuuliza. Nililala pale kwa kitanda chako nikakuuliza, ukaniambia amepona, mzima, tumbo nzuri kushinda zetu zote. Mimi ni nani nikubishie?"

Muasya alimpita. Aliingia ndani. Nzembi alikuwa amelala kwa ubavu, uso umebadilika rangi, midomo imekauka. Alimgusa tumbo, na mkono wake, ambao ulikuwa umejifunza miezi mitano kubonyeza kwa upole, ulikuta tumbo gumu kama ubao. Hakuhitaji mtambo.

Mgeni mwenye duka alitoa pikapu yake. Apondi alikaa nyuma akimshika Nzembi kichwa, na Muasya akamshika miguu, na kila gari liliporuka kwenye shimo Nzembi alilia, kisha akaomba msamaha kwamba amelia.

*

Walimpasua jioni ileile. Daktari wa upasuaji alikuta utumbo mpana umetoboka, akaukata karibu wote, akautoa mwisho wa utumbo mwembamba nje ya tumbo, upande wa kulia, pale ambapo sasa pangefungwa mfuko wa kupokea choo maisha yake yote. Daktari Abdurahim alimweleza Muasya kwenye korido. Hakumficha kitu.

"Mwezi wa tano huenda vidonge vingetosha. Nami nilipaswa kufungua ukurasa ule. Lawama tugawane."

"Wewe hukulala naye nyumba moja, daktari," Muasya alisema.

Siku ya sita Nzembi aliweza kuongea bila kuchoka upesi. Muasya alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda. Alikuwa ametunga maneno ya kuomba radhi njia nzima, lakini yaliyomtoka yalikuwa mengine.

"Kwa nini hukuniambia?"

Nzembi alitazama dari. "Nilikuambia."

"Lini?"

"Kila Jumamosi. Ulisema huo mtambo unaona ndani. Nikasema basi, nikilala pale ataona mwenyewe, sitalazimika kutaja kwa mdomo mambo ya choo. Nikakuuliza, ni sawa? Ukasema ni sawa kabisa."

"Mama Mbeti..."

"Unajua nilirudi nyumbani naimba? Nilisema, kumbe si kitu, itakwisha. Zile dawa nikaziacha. Apondi akiniambia nirudi zahanati namwambia, mume wangu ameangalia." Alivuta shuka hadi kifuani. "Nilikuwa naumwa, lakini nilikuamini kuliko nilivyoamini maumivu yangu."

Muasya aliinamisha kichwa kwenye ukingo wa kitanda, akalia, mtu mzima, mbele ya wodi nzima ya wanawake. Nzembi alimwacha alie. Hakumwekea mkono kichwani, wala hakumfukuza.

*

Muasya hakuacha kazi, ingawa alitaka. Daktari Abdurahim alimkatalia, akamwanzisha upya. Safari hii aliwapima watu thelathini, na hakuna aliyewekwa kitandani kabla ya kuhojiwa. Kufikia mwaka uliofuata hakuna mtu pale hospitalini aliyemshinda kuusoma ukuta wa utumbo. Alimgundua mwanamke wa Mukuru kwa Njenga aliyekuwa amemeza dawa za amiba miaka minne. Aden alinenepa, akarudi bohari, na kila alipokuja kupimwa alileta maziwa. Wenzake wa eksirei waliacha kucheka, wakaanza kuomba wafundishwe.

Nzembi naye alijifunza yake. Alijifunza kuosha mfuko, kuukausha, kuufunga usivuje, na kutoka nyumbani na kanga mbili badala ya moja. Aliacha kwaya, kwa kuwa mfuko ulikuwa ukitoa sauti katikati ya nyimbo na mara moja watoto walicheka. Nyumbani walizungumza vizuri na Muasya, juu ya shule ya Mbeti, juu ya bei ya makaa. Mambo ya tumbo lake aliyapeleka kwa Apondi kama zamani, na Muasya alipouliza alijibiwa, "Niko sawa." Neno hilo hakuweza tena kulisikia bila kutoneshwa kidonda.

Sehemu ndogo ya utumbo mpana ilikuwa imebaki chini kushoto, na ugonjwa ungeweza kuamka hapo. Daktari aliagiza apimwe kila miezi miwili.

"Utapimwa na fundi wetu bora," alimwambia Nzembi kwa furaha, akimwonyesha Muasya.

"Aje mwingine," Nzembi alisema.

Alisema bila hasira, kama mtu anayechagua kiti. Daktari alimtazama Muasya. Muasya alikubali kwa kichwa, akatoka kwenda kumwita Koki, binti wa Kitui aliyemaliza mafunzo mwaka ule, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika kichwa cha mtambo. Kisha akaenda kukaa kwenye benchi la korido, katikati ya wagonjwa, koti lake jeupe akalikunja mapajani.

Chumba hakikuwa na mlango, kilikuwa na pazia tu. Alimsikia Koki akivuta kigoda.

"Mama, kabla sijakupaka hii jeli. Hebu niambie, ilianza aje?"

Halafu Nzembi akaanza. Alianza tangu Pasaka, asubuhi ya Jumatatu, alipoona damu mara ya kwanza akadhani ni ya mwezi. Alieleza alivyokuwa akihesabu hatua kutoka mlangoni mpaka chooni, na alivyojifungia huko siku moja akakosa nguvu ya kusimama, akasikia Mbeti akimwita uwanjani akashindwa kuitika. Alieleza jinsi alivyofua nguo zake kabla mtu hajaamka. Koki alisema tu, "Ndiyo, mama," akamwacha aendelee, na sauti ya Nzembi, ambayo nyumbani ilikuwa fupi, ilikwenda mbele bila kukatika.

Mzee aliyekaa kando ya Muasya, aliyekuja na mguu wake umefungwa plasta, alimgusa bega.

"Huyo ndani ni wako?"

"Ni mke wangu."

"Anaumwa nini?"

"Ngoja, mzee," Muasya alisema, akisogea karibu na pazia. "Ndiyo kwanza nasikia."